Kutoka mto wa trauti hadi hori la Mida: angalia mwezi kwanza, fimbo baadaye

Swali: "Nahodha, habari zako. Mimi naishi Nyeri na navua trauti kwa nzi wa bandia katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Desemba tutakuja Watamu na familia kwa wiki moja. Nimesikia kwamba ndani ya Mida mtu anaweza kusimama kwenye maji ya magoti akavua kolekole kwa nzi. Je, fimbo yangu namba 5 itatosha? Nibebe nzi gani? Na saa nzuri ni alfajiri au jioni, kama kwetu mtoni?"

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na karibuni sana Watamu. Umeuliza mambo matatu, na lililo kubwa umeliweka mwisho. Nitaanza na hilo, maana ukilikosea, fimbo na nzi wa bei yoyote havitakufaa, na ukilipatia, hata fimbo ya kuazima itakupa samaki.

Mtoni saa ya kuvua inapangwa na jua. Unangoja wadudu wa jioni, unatafuta kivuli, unajua trauti wako amekaa nyuma ya jiwe lile na kesho atakuwa pale pale. Ndani ya hori, saa inapangwa na mwezi, na samaki hana jiwe lake. Mahali utakapokuta mchanga mtupu na matobo ya kaa saa nne asubuhi, saa kumi alasiri patakuwa na maji yanayompita mtu kimo. Kolekole, mzia, changu na kungu wachanga huingia na maji na kutoka nayo, kila siku mara mbili, usiku na mchana. Kwa hiyo usiulize alfajiri au jioni. Uliza maji yako wapi, na yanaelekea wapi.

Mida yenyewe ni hori linaloingia nchi kavu kusini mwa mji wa Watamu, eneo la karibu kilomita za mraba 32 ukihesabu mikoko yote. Mlango wake ni mwembamba na una kilindi, kisha ndani linatanuka: mafungu ya mchanga, majani ya bahari, tope, visiwa kama Kirepwe, na mikoko kila upande. Hakuna mto unaomwaga maji humo. Maji matamu hupenya chini kwa chini kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, lakini tope la mto halipo, tofauti na Sabaki inavyoipaka bahari rangi nyekundu kule kaskazini mwa Malindi baada ya mvua. Hiyo ndiyo neema ya Mida kwa mtu wa nzi. Maji yakiingia kutoka baharini ni angavu, na unaweza kumvua samaki kwa macho: ukamwona kwanza, ndipo ukamtupia.

Sasa tuje kwenye maji. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Kila siku hali ile ile huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya mita tatu na zaidi kidogo. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti inabaki kama mita moja tu. Bamvua kubwa zaidi haiangukii usiku wenyewe wa mwezi mpevu, huja siku moja au mbili baada yake.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na kila mvuvi wa hapa analijua bila kutazama jedwali, ni kwamba kwetu bamvua ina saa zake. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne na robo asubuhi, na yamejaa kabisa karibu saa kumi na nusu alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa karibu saa nne asubuhi na yanakupwa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo. Sababu ni kwamba bamvua hutokea jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, na mwezi wa namna hiyo hupita juu ya vichwa vyetu karibu na adhuhuri au usiku wa manane. Maji ya hapa humfuata kwa kuchelewa muda ule ule kila mara. Ukishalishika hili, ukitazama mwezi tu usiku utajua kesho saa tatu asubuhi utakuta mchanga au maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua kalenda yenye mwezi. Mtu mwenye wiki moja ningemshauri azitafute siku ya tatu na ya pili kabla ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji yanakupwa karibu saa mbili asubuhi na kujaa saa nane mchana. Maana yake, kuanzia saa tatu hadi saa sita maji yanaingia kwa nguvu, jua limepanda kiasi cha kukuonyesha chini, na upepo wa kaskazi bado haujachachamaa. Muda huo wa saa tatu una thamani kuliko siku nzima ya kutupa ovyo. Baada ya bamvua, siku mbili tatu mbele, kupwa kunasogea hadi saa sita na saa saba mchana, na maji mapya yanaingia alasiri. Utavua, lakini kwa upepo mkali na jua linalokutazama usoni kutoka upande wa Dabaso, kijiji kilicho magharibi mwa hori.

Siku za maji mafu siyo za kutupa. Mkondo ni mpole, na ndizo siku za kumpeleka mke na watoto kwenye mtumbwi bila wasiwasi. Ila samaki hatembei sana, kwa kuwa hakuna maji ya kumpeleka wala ya kumtoa.

Na maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Gawanya zile saa sita: saa ya kwanza inaleta sehemu moja kati ya kumi na mbili ya maji yote, ya pili inaleta mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita tatu hiyo ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75, 75 tena, 50, na 25. Hizi ni hesabu za makadirio, lakini zinatosha kukupangia siku. Saa ya kwanza unavua mdomoni mwa kilindi. Saa ya pili unavua ukingoni, ambako maji yanaanza kupanda fungu. Saa ya tatu samaki yuko juu ya fungu lenyewe, juu ya majani ya bahari, na wewe uko naye kwenye maji ya magoti. Saa ya nne maji yamekufika kiunoni na ni wakati wa kupanda mtumbwini. Kuanzia saa ya tano samaki wameingia mikokoni, ndani ya mizizi, hutawafikia. Pumzika, kula wali wako.

Ukumbuke pia kwamba mlango ni mwembamba na hori ni pana, kwa hiyo maji ya ndani huchelewa nyuma ya yale ya nje. Jedwali linalosomwa kwa ajili ya bahari litakwambia maji yamesimama, nawe ukiwa ndani kabisa utaona majani bado yanaelea kuelekea mlangoni. Amini majani.

Wengi huondoka maji yakishajaa. Mimi nakusihi ubaki, maana saa mbili za kwanza za kupwa ndizo ninazozipenda kuliko zote, na hapo ndipo ujuzi wako wa mtoni utakufaa.

Maji yakianza kutoka mikokoni hayatoki kama ukuta, yanatoka kwa vijito. Ukisimama ukingoni utaviona: vijia vya tope vilivyochimbika kati ya mizizi, vingine upana wa hatua moja tu, vinavyomwagikia kwenye kilindi. Ndani ya kijito kama hicho wanatoka kamba wadogo, vichanga vya mkizi, na kaa waliochelewa kujificha. Pale kijito kinapokutana na kilindi pana mstari unaoonekana kwa macho, upande mmoja maji ya rangi ya chai na upande wa pili maji ya kijani. Kolekole hukaa upande wa kijani, ameelekeza kichwa kwenye mstari, akingoja kinachotoka. Kungu hukaa karibu zaidi, chini, ubavuni mwa mizizi ya mwisho. Wewe simama au funga mtumbwi chini ya mkondo na pembeni, umbali wa mita 15 hivi. Tupa nzi ndani ya maji ya rangi ya chai, mwache azame kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha umlete na mkondo hadi avuke mstari. Usimvute kabla hajavuka. Akivuka, mvute mara mbili kwa haraka, simama kidogo, vuta tena. Mara nyingi anapigwa wakati ule wa kusimama. Ukitupa mara tano sita bila kuguswa, hamia kijito cha pili. Usikae mahali pamoja kama unavyokaa na trauti mkaidi, kwa sababu hapa ndani ya nusu saa kijito kitakuwa kimekauka.

Kuhusu kuwaona samaki juu ya fungu, bila miwani ya polaroidi umeacha nusu ya uvuvi nyumbani. Chagua kioo cha rangi ya kahawia au shaba, na kofia yenye ukingo mweusi kwa chini. Weka jua mgongoni. Usimtafute samaki mzima. Tafuta kivuli kinachosogea kwenye mchanga, mkia uliotokeza juu ya maji, au maji yanayokunjamana kinyume cha upepo. Kundi la mkizi likiruka kwa pamoja na kutawanyika, kuna mtu chini yao, na mara nyingi ni mzia au kolekole. Na ukimwona taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anatembea juu ya fungu akitimua mchanga, mtazame vizuri mgongoni na nyuma yake. Kolekole humfuata taa ili ale vile vinavyokurupushwa. Mtupie nzi nyuma ya taa, pembeni mwa lile wingu la mchanga, kamwe siyo juu ya taa mwenyewe, usije ukamnasa mnyama usiyeweza kumfungua.

Niwe mkweli kuhusu ukubwa, ili usije na picha za magazeti kichwani. Kolekole mkubwa kuliko wote aliyesajiliwa kwa rekodi ya dunia alivuliwa Japani mwaka 2006 akiwa na kilo 72.8. Hao ni wa mwamba na bahari wazi. Hori ni malezi: kolekole hukulia humu wakiwa wadogo, kisha hutoka nje. Ndani ya Mida tarajia samaki wa nusu kilo hadi kilo mbili tatu, na mara mojamoja mmoja mkubwa anayeingia na bamvua kuwinda. Lakini kolekole wa kilo mbili kwenye maji ya magoti atakupeleka mbali kuliko trauti yeyote uliyewahi kumshika. Utamwona pia mwatiko, mkubwa na mweupe, akiogelea juu juu. Mwache. Anakula ukungu wa mwani na vijidudu, nzi wa kawaida hamshughulishi. Kule kisiwa cha Alphonse, Shelisheli, watu hufunga nzi wa kijani anayefanana na kipande cha mwani kwa ajili yake peke yake, na hata wao humtafuta kwa subira kubwa. Kwa wiki moja hutaimudu kazi hiyo.

Sasa fimbo. Namba 5 ije nayo, usiiache, asubuhi isiyo na upepo itakufurahisha kwa changu wadogo na kungu wa kiganja. Lakini kwa kolekole tafuta namba 8 (namba ya fimbo ikipanda, inabeba mshipi mzito zaidi), na kama utaazima, namba 9 pia sawa. Sababu siyo uzito wa samaki peke yake. Nzi wa bahari ni mzito, ana macho ya chuma, na namba 5 haiwezi kumbeba ndani ya upepo. Rili iwe na breki laini inayofanya kazi ikiwa imelowa, na nyuma ya mshipi mkuu weka uzi wa akiba usiopungua mita 150. Mshipi wenyewe ndipo watu wa mlimani wanapoteleza: ule wa trauti umetengenezwa kwa maji baridi. Kwenye joto la hapa unalegea, unanata, unajifunga kwenye vidole. Nunua mshipi wa kuelea uliotengenezwa kwa nchi za joto. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua huo na uazime fimbo.

Mbele ya mshipi weka uzi wa nailoni au florokaboni wa mita mbili na nusu hadi tatu, nguvu ya ratili 20. Usijisumbue na nyuzi nyembamba kama nywele unazotumia mtoni. Kolekole haangalii uzi, anaangalia chakula kinachokimbia. Ukiona mizia wengi, ongeza waya laini wa sentimita 15 karibu na nzi, la sivyo watakukatia mmoja baada ya mwingine kwa meno yale.

Nzi nitakutajia wachache, na wanatosha. Wa kwanza ni Clouser Minnow, aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1980. Manyoya ya mkia wa paa yamefungwa juu na chini, na macho mazito ya chuma yanamfanya azame kichwa kwanza na kuruka kila unapomvuta. Leta weupe wenye mgongo wa kijani, na wa rangi ya mchanga wenye mgongo wa kahawia, ndoana namba 2 hadi 1/0 (ndoana, kinyume cha fimbo, namba ya kawaida ikipanda inakuwa ndogo). Wa pili ni Deceiver wa Lefty Kreh, mwenye manyoya marefu ya jogoo, kwa ajili ya siku za mkizi na dagaa. Wa tatu ni kamba wa rangi ya mchanga, mdogo, namba 4, kwa vile vijito. Nzi wa kaa wawili watatu kwa ajili ya kolekole wanaomfuata taa. Basi. Kama unafunga nzi wako mwenyewe, mikono iliyozoea nzi wa namba 14 itawaona hawa ni kazi nyepesi. Hakikisha tu ndoana ni ya bahari, maana ile ya mtoni itashika kutu kabla hujarudi Nyeri, na bana ncha ya nyuma ya ndoana kwa koleo mpaka ilale. Samaki utamfungua haraka, na wewe mwenyewe utashukuru siku itakapokuingia sikioni.

Hilo la sikio si mzaha. Desemba kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Ukisimama asubuhi jua likiwa mgongoni, umetazama magharibi, na upepo unakujia kwa nyuma ya bega la kulia. Kwa anayetupa kwa mkono wa kulia, upepo huo unamsukuma nzi moja kwa moja kwenye kichwa chako. Pitisha fimbo juu ya bega la kushoto, au geuka umpe samaki mgongo na umwachie nzi kwenye mtupo wa nyuma. Fanya mazoezi hayo kwenye nyasi nyumbani kabla ya safari. Jifunze pia kuuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto wakati wa kutupa, mara moja ukienda nyuma na mara moja ukienda mbele. Bila hivyo mita 20 hazifiki kwenye upepo.

Kuna tabia moja ya mtoni ambayo lazima uiache Nyeri. Trauti akimgusa nzi wako, unainua ncha ya fimbo. Ukifanya hivyo huku, unamnyang'anya kolekole nzi mdomoni, na mdomo wake ni mgumu, ndoana haiingii kwa mtetemo wa ncha. Elekeza fimbo chini, kwenye nzi, ncha ikikaribia kugusa maji. Akishika, endelea kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto kwa mvuto mmoja mrefu mpaka usikie uzito. Ndipo uinue fimbo, na ufungue vidole upesi, kwa kuwa mshipi uliolegea miguuni utaondoka wote kwa mara moja. Akikimbilia mikoko usimngojee. Laza fimbo ubavu, mvute upande, mgeuze kichwa kabla hajafika kwenye mizizi ya kwanza. Akifika huko amekwisha kukushinda.

Usalama nauweka hapa katikati ya mambo mengine, lakini usome mara mbili. Maji yanayoingia hayaanzi mbele yako, yanaanza nyuma yako. Fungu unalosimama ni kilima kidogo, na kati yako na pwani kuna bonde ulilolivuka likiwa kavu. Saa ya tatu maji yanapanda zaidi ya sentimita moja kila dakika. Unapogundua kwamba yamekufika mapajani, lile bonde la nyuma limeshapita kifua na lina mkondo. Usiingie kwenye mafungu peke yako. Nenda na mwenyeji mwenye mtumbwi na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akae karibu. Karibu na mlango wa hori usitembee majini kabisa, mkondo wa bamvua pale unabeba watu. Miguuni vaa viatu vya soli ngumu vilivyofunga, na uburute nyayo badala ya kunyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka. Mahali penye tope la kijivu karibu na mikoko usipime kwa mguu, pima kwa pondo.

Ruhusa sasa. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ya Malindi, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Kuna sehemu ambayo ni hifadhi kamili, hairuhusiwi kuvua chochote kwa njia yoyote, na kuna eneo la akiba, ambamo Mida imo, ambako wenyeji huvua kwa njia zao za asili. Mpaka huo hauonekani kwa macho juu ya maji. Kwa hiyo siku ya kwanza pita ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hapo Watamu, lipa kiingilio, waeleze unavua kwa nzi na unawaachia samaki, na uonyeshwe wapi panaruhusiwa. Leseni ya uvuvi wa michezo iulizie kwenye idara ya uvuvi. Usidhani ile ya trauti inatosha mpaka uambiwe. Kisha uwaone viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo cha pale unapoanzia. Hiyo ni adabu, na pia ndiyo njia ya kumpata mtu anayejua vijito vyote kwa majina.

Na ukiwa majini, kumbuka kuna watu wanaokula kwa hori hili. Ukiona kijiti kimesimama au chupa inaelea, chini pana dema, yaani mtego wa samaki, au wavu wa mtu. Usipite juu yake, usitupe karibu. Kina mama wanaotafuta kaa na chaza wakati wa kupwa wana njia zao, uwape salamu na uwapishe. Ukiona kasa anapumua karibu, kunja mshipi mpaka apite. Vipande vya nailoni viweke mfukoni, hata kile cha urefu wa kidole.

Samaki unayemwachia asitoke majini zaidi ya muda wa wewe mwenyewe kuzuia pumzi. Lowesha mikono kwanza, mshike shingo ya mkia na chini ya kifua, mwelekeze kwenye mkondo mpaka ajitoe mwenyewe. Kolekole asiyeweza kusimama sawa ataliwa na mzia kabla hujageuka. Kama unataka kitoweo, nunua kwa wavuvi wa Dabaso wakirudi. Watauza kwa bei nzuri nao watapata riziki, na wale wachanga wa horini watabaki wakue.

Jioni, osha kila kitu kwa maji matamu: rili, vishikizo vya fimbo, mshipi, hata ile boksi ya nzi. Maji ya chumvi hayasubiri kesho.

Nitumie tarehe zenu kamili za Desemba. Nitazitazama na mwezi, nikwambie asubuhi zipi uzitenge kwa mafungu, jioni zipi kwa vijito, na siku zipi uwaachie watoto bahari.